"Alikunywa, Akapona": Je, Huo ni Ushahidi wa Dawa?



Asafiriye kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini hufika Segera, wilayani Handeni, mahali njia zinapogawanyika: moja yaelekea Muheza na Tanga, nyingine yaelekea Korogwe, Moshi na Arusha. Penye njia panda watu hukutana, na habari za dawa hukutana pia. Huyu asema mizizi fulani humaliza homa. Yule asema vidonge fulani ndivyo vilivyomponya mwanawe. Wote hutoa hoja ile ile: "Alikunywa, akapona." Katika somo hili tutaipima hoja hiyo, kwa kuwa uhai wa watoto umefungamana nayo. Na mizani yake hatuitafuti mbali: imo katika wilaya jirani ya Korogwe.

Hoja hiyo ina udhaifu wa namna tatu. Kwanza, homa nyingi hupoa zenyewe. Basi dawa yoyote iliyonywewa siku ya mwisho hupewa sifa isiyostahili. Pili, mgonjwa huenda alitumia dawa mbili tatu kwa pamoja, na hakuna ajuaye ni ipi iliyofaa. Tatu, aliyepona husimulia, lakini aliyekufa hana kinywa cha kusimulia.

Sasa tazama jinsi watafiti walivyojiepusha na udhaifu huo. Mwaka 2007 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya, wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilichanjwa chanjo ya malaria. La pili lilichanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo ina faida yake lakini haizuii malaria. Wazazi hawakujua mtoto wao amepata ipi, wala waliowapima watoto hawakujua. Kwa nini ilifichwa? Kwa sababu matumaini ya mwanadamu hulipinda jicho lake, naye huona kile anachotamani kukiona.

Watoto walifuatiliwa kwa wastani wa miezi minane hivi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Katika waliotimiza taratibu zote, watoto 402 walikuwa wamepata chanjo ya malaria, na 32 kati yao waliugua malaria. Katika kundi la pili walikuwamo watoto 407, na waliougua walikuwa 66. Baada ya mahesabu ya kulinganisha, ilionekana kwamba chanjo imepunguza ugonjwa kwa asilimia 53.

Zingatia hesabu hiyo, ndugu msomaji. Katika kundi la pili watoto 341 hawakuugua malaria muda wote huo. Mama wa mmoja wao angeweza kuapa: "Mwanangu alichomwa sindano hii, na malaria haikumgusa." Naye mama wa mmoja wa wale 32 angeweza kulalamika: "Chanjo hii ni bure; mwanangu ameugua." Kila mmoja angesema kweli juu ya mtoto wake, na wote wawili wangekosea juu ya sindano yenyewe. Kweli ya dawa haionekani katika mtoto mmoja. Huonekana makundi mawili yanapowekwa bega kwa bega.

Utafiti mkubwa zaidi ulifuata kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, kwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika. Kwa Tanzania ulifanyika Korogwe na Bagamoyo. Hapo ikadhihirika kwamba nguvu ya chanjo hupungua kadiri muda unavyopita: kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi.

Wako watakaosema: "Kinga ya theluthi ina faida gani?" Jibu ni kwamba mwaka 2023 pekee malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Chanjo ilipoanza kutolewa Ghana, Kenya na Malawi mwaka 2019, vifo vya watoto wadogo katika maeneo yaliyochanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, na chanjo ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo pamoja na mahali pengine, Oktoba 2023. Lakini chandarua kisiwekwe kando: katika utafiti ule mkubwa watoto wa pande zote walipewa vyandarua, na chanjo ikaongeza kinga juu yake.

Je, tunazidharau dawa za miti shamba? Hasha. Kwinini ilitoka katika gome la mti, na artemisinini katika mmea wa Kichina, kazi iliyompatia Bibi Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini zote mbili zilipimwa.

Basi utakapoambiwa tena "alikunywa, akapona", uliza kwa upole: Wangapi walikunywa? Wangapi hawakupona? Na wale ambao hawakunywa, iliwaje? Asiyeweza kujibu amekupa habari tu, hajakupa ushahidi. Nawe usimcheleweshe mtoto mwenye homa kwa kutegemea habari, mpeleke akapimwe.