Betri Iliyokufa Isitupwe Shambani

Bwana mkulima na Bibi mkulima, tazameni kwenu nyumbani. Juu ya paa kuna paneli ya sola. Ndani mna taa, redio na simu, na pengine pampu ya kunyunyizia dawa inayotumia betri. Vitu hivi vimeleta faida kubwa katika skimu zetu. Lakini kila kimoja kina siku yake ya kufa, na siku hiyo wengi hukitupa nyuma ya boma au katika shimo la taka, au humpa mtoto achezee. Somo hili litaeleza hatari ya jambo hilo, sheria inasema nini, na yakupasa kufanya nini.

Mna nini ndani ya betri?

Betri kubwa ya sola, kama ile ya motokaa, mara nyingi huwa na vipande vya risasi vilivyozama katika asidi kali. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Risasi ni sumu. Haiozi kama samadi, wala haiteketei motoni ikaisha. Ikiingia katika udongo hukaa humo miaka mingi sana.

Ng'ombe akiona betri iliyovunjika huilamba, na ndama ndiye anayedhurika upesi zaidi. Dalili zake ni hizi: mnyama huwa kipofu, husaga meno, hutoa povu, huyumbayumba, hugongesha kichwa ukutani, kisha huanguka na kutetemeka. Mwingine hukutwa amekufa asubuhi, na jana yake alikuwa akila vizuri. Ukiona dalili hizi, mwite daktari wa mifugo mara moja, umwonyeshe na ile betri. Usinywe wala usiuze maziwa yake, wala usile nyama yake, mpaka daktari akuambie.

Kwa watoto hatari ni kubwa zaidi, kwa maana risasi huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Betri za simu na za taa ndogo nyingi ni za lithiamu. Hizi zikitobolewa, zikipondwa au zikitupwa motoni, huweza kulipuka na kuwaka.

Tena, usichome waya ili kupata shaba. Moshi wa ganda lake una sumu iitwayo dioksini, nayo huanguka juu ya udongo ambao kuku hudonoa. Huko Agbogbloshie, katika mji wa Accra, Ghana, waya za vyombo vikuukuu zilichomwa kwa miaka mingi. Mwaka 2019 wachunguzi walitoa taarifa juu ya mayai ya kuku wa mahali hapo. Mtu mzima akila yai moja tu, alikuwa akipita mara 220 kipimo cha siku moja kilichowekwa Ulaya kwa sumu za namna hiyo.

Yaliyotokea Owino Uhuru

Tusidhani mambo haya ni ya mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kutoka mwaka 2007 hadi 2014, karibu kabisa na nyumba za watu. Moshi na maji yake machafu viliwafikia wakazi. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliona mtoto wake mchanga akiugua. Damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na risasi. Yeye na majirani wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, lakini mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha. Hata Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, iitwayo NEMA, ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na lawama.

Funzo ni hili. Kuyeyusha betri kuukuu ili risasi itumike tena ni kazi njema, lakini ikifanywa bila kufuata sheria huua. Ikiwa kiwanda kizima kilidhuru mtaa namna hiyo, mtu anayepasua betri kwa shoka karibu na jiko lake anajitafutia nini?

Sheria inasema nini?

Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yakataza kutupa taka kwa namna ya kuchafua mazingira, na anayesafirisha taka lazima awe na leseni ya NEMA. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 yataka mnunuzi wa vyuma hivyo awe na leseni.

Sheria ya Usimamizi wa Taka ya mwaka 2022 ndiyo iliyoleta jambo jipya. Yasema kwamba anayetengeneza bidhaa, au anayeileta nchini, hamalizi kazi yake anapoiuza. Yampasa kushughulikia hata taka itokayo katika bidhaa hiyo, yeye mwenyewe au kwa kujiunga na wenzake. Kanuni za mwaka 2024 zaeleza namna ya kutimiza wajibu huo, na vyombo vya umeme na betri vimo. Basi, mkulima, mzigo wa betri iliyokufa si wako peke yako. Kampuni iliyoleta betri hiyo ina sehemu yake, nawe waweza kuidai.

Yakupasa kufanya nini?

1. Unaponunua betri au sola, uliza hivi: "Ikifa, nairudisha wapi?" Tunza risiti.
2. Betri iliyokufa iache nzima. Usiipasue, wala usimwage asidi yake.
3. Iweke wima katika beseni la plastiki, mahali pakavu pasipofikiwa na watoto, mifugo wala chakula.
4. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto.
5. Mnunuzi wa vyuma chakavu akija, mwombe leseni yake. Wengine hutaka umwage asidi kwanza ili mzigo uwe mwepesi. Kataa, kwa sababu asidi hiyo hubeba risasi hadi katika udongo wako.
6. Kusanyeni betri za skimu nzima kwa njia ya chama chenu cha ushirika. Betri moja haimleti mtu kutoka mjini, bali betri hamsini zaweza kumleta. Ulizeni ofisi ya NEMA ya kaunti yenu ni nani mwenye leseni ya kuzichukua.

Bei ya betri kuukuu ni ndogo. Ndama mmoja ana thamani kuliko betri nyingi, na akili ya mtoto haina bei.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mashamba yetu, betri zilizokufa ziko wapi leo?
2. Kwa nini si vema kumwaga asidi kabla ya kuuza betri?
3. Ni nani katika chama chetu atakayeandika hesabu ya betri zote na kwenda NEMA kabla ya mkutano ujao?