SOMO LA 14: MANENO MAREFU YA KIINGEREZA

Shina la mabingobingo hurefuka kumpita mtu mzima, lakini lina vifundo, nawe waweza kulikata vipande vifupi. Maneno marefu nayo yana vifundo vyake. Chukua neno letu “hawatatusahau”. Ndani yake mna vipande vitano: ha-wa-ta-tu-sahau. Hakuna mtoto wa Kibingo aliogopaye neno hilo, kwa kuwa kila kipande akijua.

Sasa, mwanafunzi aingiapo shule ya sekondari ya serikali, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Huko hukutana na maneno marefu, na wengine huyakariri kama kasuku. Siku ya mtihani neno likimtoka mtu wa namna hiyo, hana njia ya kulipata tena. Bali ajuaye vipande aweza kulijenga upya.

Tazama maneno haya matatu: “geology”, “zoology” na “entomology”. Yote yaishia kwa herufi nne zilezile, l-o-g-y. Asili yake ni neno la Kiyunani “logos”, maana yake neno au maelezo. Ndilo lililo katika mwanzo wa Injili ya Yohana, iliyoandikwa kwa Kiyunani, nasi twalisoma “Neno”. Basi mara nyingi kipande hicho chatuambia kwamba hapa pana elimu ya jambo fulani. Ni jambo gani? Kipande cha mbele ndicho kijibucho.

“Ge” ni nchi au ardhi. Kwa hiyo “geology” ni elimu ya ardhi na miamba yake. Katika Kyerwa hupatikana mawe yenye madini ya bati, na mwenye elimu hiyo huichunguza miamba apate kujua bati limo wapi.

“Zoon” ni mnyama. Kwa hiyo “zoology” ni elimu ya wanyama.

“Entomon” ni mdudu. Wayunani walimwita hivyo, yaani aliyekatwa, kwa sababu mwili wake waonekana kama umekatwa vipande: kichwa, kifua na tumbo. Elimu ya “entomology” ndiyo imchunguzayo mbung’o, aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng’ombe.

Walakini jihadhari kwa mambo mawili. Kwanza, soma kila herufi. “Entomology” na “etymology” zafanana sana machoni, lakini ya pili haihusu wadudu hata kidogo. Ni elimu ya asili ya maneno, yaani jambo tulifanyalo katika somo hili.

Pili, vipande huonyesha njia, lakini havimfikishi mtu mwisho wa safari kila mara. “Meteorology” si elimu ya vimondo kama kile kikubwa cha Mbozi. Wayunani waliita hivyo mambo yote yaliyo juu angani, na leo neno hilo ni elimu ya hali ya hewa: mvua, upepo na joto. Tena “apology” si elimu ya kitu chochote. Zamani ilikuwa maneno ya kujitetea. Leo ni maneno ya kuomba radhi. Basi ukiisha kukisia maana, fungua kamusi uhakikishe.

Mwisho, usijivunie maneno marefu mbele ya wasioyajua. Mwenye elimu ya kweli aweza kumweleza bibi yake, kwa maneno mafupi, jambo lile alilojifunza kwa neno refu. Asiyeweza kulieleza hivyo, bado hajalielewa.

MASWALI

1. Kata neno “hatukuwaona” vipande vyake, ueleze maana ya kila kipande.
2. “Bios” kwa Kiyunani ni uhai. Je, “biology” ni elimu ya nini?
3. “Entomology” na “etymology” zatofautianaje kwa herufi na kwa maana?
4. Kwa nini hatusemi kwamba “apology” ni elimu?