SOMO: TUSEME KWELI KWA UPENDO
Kusoma: 2 Samweli 12:1-13, Waefeso 4:15

Daudi alipomchukua mke wa Uria na kufanya Uria auawe vitani, nabii Nathani hakunyamaza. Wala hakwenda kumtangaza sokoni. Alimwendea, akamweleza habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akakasirika sana. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye. Daudi akatubu, na Nathani huyo huyo akampa habari ya msamaha.

Hapa kambini nyumba zetu zimebanana. Baba akiuza unga wa mgao, watoto wakalala njaa, asubuhi habari zimeshafika bombani. Wote wanajua, lakini nani amemwambia yeye? Kusema bombani ni rahisi. Kubisha hodi kwake ni kazi. Nenda jioni, mkae wawili tu. Mwite ndugu. Mwambie uliyoyaona, si uliyoyasikia. Kisha usimwache: watoto wake wapate kwako hata kikombe cha uji.

Tujiulize: Nikisema kweli hii, nataka ndugu yangu apone au aaibike?

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa Nathani, na tukionywa, utupe toba ya Daudi. Amina.