Usingizi Ni Mgao wa Mungu: Tusimnyang'anye Mwenzetu

SOMO LA WIKI
Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:4-8. Soma pia Zaburi 127:1-2 na Matendo 20:7-12.



Wiki hii tuongee juu ya jambo ambalo sote tunalifanya lakini ni nadra kulisikia madhabahuni: kulala. Kanisani tukitaja usingizi, mara nyingi ni kwa kuukemea. Tunamtaja mvivu wa Mithali 6, tunawataja wanafunzi waliosinzia Gethsemane, halafu yule ndugu anayesinzia kiti cha nyuma tunamwombea atokwe na roho ya usingizi. Mithali haikukosea. Uvivu upo na Neno linaukemea. Lakini mvivu wa Mithali ni mtu aliyelala akashiba na bado hataki kuamka. Huyo si sawa na mtu ambaye hajalala. Tukiwachanganya hao wawili, tutamuumiza ndugu yetu tukidhani tunamsaidia.

1. Eliya alilazwa kabla ya kusemeshwa

Eliya alikuwa ametoka Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha. Halafu tisho moja la Yezebeli likamkimbiza mpaka jangwani, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Sasa angalia alichofanya Mungu. Hakumkemea wala hakumuuliza imani yake imeenda wapi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akala mkate na kunywa maji, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala. Ndipo akapata nguvu za safari ya siku arobaini mpaka Horebu, na huko ndiko aliposikia sauti ile ya upole. Usingizi na chakula vilitangulia, ujumbe ukafuata.

Mimi kazi yangu ni uuguzi, na nikisoma sura hii naona daktari anayejua mwili alioumba. Tukilala, presha ya damu hushuka na moyo hupumzika. Kinga ya mwili hujijenga. Ubongo hupanga na kuhifadhi tuliyojifunza mchana. Mtu mzima anayelala chini ya masaa 7 kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, yuko katika hatari zaidi ya kupata presha, kisukari, ugonjwa wa moyo na huzuni nzito. Sukari inapanda kwa sababu mwili unashindwa kuitumia insulini vizuri, na njaa nayo inaongezeka. Kwa hiyo Zaburi 127 inaposema kwamba Mungu huwapa usingizi wapenzi wake, hiyo ni baraka halisi, kama mvua na mkate.

2. Mgao wa kila mtu haufanani

Hapa ndipo nyumba nyingi hugombana bure. Mtoto mchanga anahitaji masaa 14 hadi 17 kwa siku, na huyapata vipande vipande. Wa shule ya msingi anahitaji 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18, masaa 8 hadi 10. Mtu mzima, 7 au zaidi. Mzee pia anahitaji 7 hadi 8, ila usingizi wake huwa mwepesi na hukatika mapema. Kwa hiyo nyanya akiwa macho saa kumi usiku, usikimbilie kusema ni mgonjwa.

Chukua kijana wa sekondari. Katika umri huo saa ya mwili husogea mbele. Homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka jioni. Ndiyo maana saa tatu usiku macho yake ni mang'avu, na saa kumi na moja alfajiri unamwamsha kama unavuta gunia. Si ukaidi wote huo, mzazi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 hapa Kenya zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, lakini tunajua ni watoto wangapi wanangoja basi gizani. Sasa ukiongeza simu chini ya blanketi mpaka saa sita, huyo mtoto atasoma nini? Tukiwa na kongamano la vijana, basi ratiba isiwaamshe saa kumi baada ya kuwalaza saa saba.

Mama aliyejifungua naye, jamani. Tunamtembelea kumi na wawili, tunaimba, tunakunywa chai, vyombo tunamwachia. Kukosa usingizi kunaweza kuzidisha ile huzuni inayowapata akina mama wengine baada ya kuzaa. Ziara ya kiroho kweli ni ile unayomwambia, "Dada, nipe mtoto, wewe nenda ukalale masaa mawili." Halafu unaosha vyombo.

Na wanaofanya kazi usiku: soja wa geti, wauguzi, madereva wa malori, wale wa kiwandani. Mwili umeumbwa kulala gizani, na mwanga wa mchana huuambia ubongo uamke. Hata mtu akichoka namna gani, usingizi wa mchana chini ya mabati yenye joto, redio ya jirani ikilia, hautoshi. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likathibitisha uamuzi huo.

Namfahamu ndugu mmoja ambaye ni soja. Hutoka kazini Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, anaoga, anakuja ibada ya kwanza bila kulala. Akifika katikati ya mahubiri kichwa kinaanguka, na kila mara mhudumu anamgusa bega kwa nguvu. Aliniambia, "Dada, afadhali nisikuje, naona aibu." Wapendwa, huyo ndugu alitoa sadaka ya usingizi wake ili awe nyumbani mwa Bwana. Tulikuwa karibu kumpoteza kwa sababu ya kidole cha begani.

Linganisha na Eutiko wa Matendo 20. Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana akasinzia dirishani, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alishuka, akamkumbatia, na kijana akarudishwa akiwa hai. Hatusomi popote kwamba alikaripiwa.

3. Vipi kuhusu jinamizi?

Hili naulizwa sana. Mtu anaamka usiku, anaona yuko chumbani, lakini hawezi kusogea wala kupiga kelele, na anahisi kitu kimemkalia kifuani. Wengi wanaogopa kusema, wakidhani wamelogwa.

Tunapoota, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusirushe mikono na miguu kufuatana na ndoto. Mara nyingine mtu huamka akili kabla misuli haijafunguliwa. Hali hiyo huchukua sekunde kadhaa au dakika chache, kisha huisha. Huwapata zaidi wanaolala kidogo, wanaolala saa zisizo na mpangilio, na wanaolala chali. Omba, ndiyo, jina la Yesu ni kimbilio saa yoyote. Lakini pia lala mapema. Na usimwambie mwanafunzi wa kidato cha nne kwamba ana pepo, wakati amelala masaa manne kwa wiki tatu mfululizo.

4. Kesha zetu, na kulinda kwa zamu

Wengine mtauliza, "Basi tuache kesha?" La hasha. Yesu aliomba usiku kucha. Huyo huyo Yesu alilala juu ya mto ndani ya chombo, dhoruba ikipiga. Alijua yote mawili.

Hebu tufanye hesabu. Ndugu ameamka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Kesha inaanza saa nne usiku: tayari ana masaa 17 macho. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu dereva kuwa nacho. Akikaa masaa 24, ni kama asilimia 0.10. Saa hiyo ni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, kesha imeisha, na yeye anashika usukani na waimbaji sita ndani ya gari. Hajaonja pombe, lakini barabara haijui hilo.

Tufanyeje? Kule Tanzania karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu wa kuwinda na kukusanya matunda ya porini. Watafiti waliwavisha watu wazima 33 kifaa cha mkononi cha kupima usingizi kwa siku 20, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Hakuna aliyepanga ratiba. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, basi kambi ikawa na mtu macho karibu usiku wote, na bado kila mmoja alilala.

Niliposoma hayo nilikumbuka Maandiko. Wachungaji wa Luka 2 walikesha kwa zamu. Gideoni alifika mwisho wa kambi walipokuwa wamebadilisha walinzi. Nehemia aligawa watu wa kujenga na wa kulinda. Hata sisi tunaweza. Vijana, ambao macho yao hayafungi mapema, wachukue zamu ya kwanza mpaka saa saba. Watu wa makamo wafuate. Wazee, ambao saa kumi wako macho hata hivyo, waingie alfajiri. Madhabahu haitazima, na hakuna atakayeanguka dirishani. Na wenye kuendesha magari walale kwanza kanisani, wanywe chai, watoke kukiwa kumekucha na akili imerudi.

5. Nyumbani

Amka saa ile ile kila siku, hata wikendi. Simu ilale sebuleni. Kahawa na chai kali ziishe mapema mchana, kwa maana masaa matano baadaye karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Mwenzako akikoroma sana na pumzi kukatika katika usingizi, usimcheke, mpeleke hospitali. Ukikosa usingizi mara tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, muone daktari. Kuna matibabu ya mazungumzo na mazoezi ambayo hutangulia vidonge. Na mzigo wa rohoni, ule wa karo na kodi, umkabidhi Bwana kwa jina lake kabla hujazima taa. Zaburi 121 inatukumbusha kwamba anayetulinda halali. Kwa hiyo wewe unaweza kulala.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Nyumbani kwenu ni nani analala kidogo kuliko wote, na ni kwa sababu gani?
2. Je, kuna ratiba yoyote ya kanisa inayowanyima usingizi watoto, akina mama au wafanyakazi wa usiku? Tuibadilishe vipi?
3. Wiki hii utalinda usingizi wa nani?

Ombi: Baba, asante kwa usingizi unaotupa bila malipo. Wakumbuke walio kazini usiku huu, na walio macho kwa maumivu na mawazo. Utufundishe kukesha kwa upendo na kulala kwa imani. Katika jina la Yesu, Amina.