Mkazo wa Uta: Istilahi na Ufundi katika Kufundisha Mighani ya Fumo Liongo

Utangulizi

Mighani ya Fumo Liongo hufundishwa katika shule za upili nchini Kenya. Mwanafunzi wa Kibera au Kawangware huelezwa kwamba shujaa huyo, baada ya kudungwa na mwanawe, alipiga goti kisimani, akatia mshale utani, akafa katika hali hiyo. Watu wakaogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Kisa hukaririwa, lakini uta wenyewe haujulikani. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na silaha hiyo imebaki kuwa neno la mtihani. Makala haya yanaeleza jinsi mkazo wa uta unavyopimwa na kurekebishwa, na faida yake kwa mwalimu wa fasihi.

Istilahi

Uta (wingi: mata) huitwa pia upinde. Kamba yake ni upote, uti wa mshale ni wano, chuma cha nchani ni kigumba, na mfuko wa mishale ni podo. Upande unaomwelekea mpigaji unaweza kuitwa tumbo, na wa pili mgongo. Nguvu inayohitajika kuuvuta uta haina istilahi iliyozoeleka. “Uzito wa uta” hudhaniwa kuwa uzito wa mti, na “mvuto” hukumbusha nguvu za dunia. Hapa panapendekezwa “mkazo wa uta”.

Upimaji

Mkazo hupimwa kwa mizani ya ndoano. Mshikio huegemezwa mahali imara, ndoano hutiwa katikati ya upote, kisha upote huvutwa hadi urefu uliochaguliwa, kwa mfano sentimita 60. Kipimo kisichotaja urefu wa mvuto ni sawa na kitenzi elekezi kisicho na yambwa. Mata ya Waata, wawinda ndovu wa nyika za Tsavo, yalipita ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45. Ni nguvu inayokaribiana na ya mata yaliyopatikana katika Mary Rose, meli ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Kwa darasa, kilo 8 hadi 10 zinatosha.

Urekebishaji

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Uta hauifuati methali hiyo: mti mbichi ukipindwa hubaki umepinda na kupoteza nguvu. Sharti ukauke kwanza.

Kupunguza mkazo, fundi hukwangua tumbo kwa tupa, kisha kwa msasa. Mgongo hauguswi, kwa kuwa nyuzi zake zikikatwa uta hupasuka. Unene una athari kubwa kuliko upana. Upana ukipungua kwa sehemu moja ya kumi, mkazo hupungua kwa kiasi hicho hicho; unene ukipungua vivyo hivyo, mkazo hupungua kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo fundi hukwangua kidogo, huuvuta uta mara ishirini hivi, kisha hupima tena, akihakikisha kwamba pande zote mbili zinapinda sawasawa.

Kuongeza mkazo ni kugumu zaidi, kwani mti uliokwanguliwa haurudi. Fundi aweza kufupisha ncha zote mbili kwa kipimo kimoja, lakini uta mfupi ukivutwa urefu ule ule huwa karibu zaidi na kuvunjika. Aidha, upote usiachiliwe bila mshale: nguvu hurudi mtini na huweza kuuvunja. Darasani, basi, upote huvutwa na kurudishwa polepole.

Hitimisho

Seremala wa mtaani Kawangware au Kibera ana tupa na msasa. Mwalimu anahitaji tu ubao mkavu usio na vifundo na wenye nyuzi zilizonyooka. Mwanafunzi atakayeushikilia uta wa kilo 10 ukiwa umevutwa ataona mikono ikitetemeka muda si mrefu. Hapo atauliza swali ambalo kukariri hakumpi: je, Liongo alikufa akiwa ameuvuta uta, au mshale ulikuwa umetiwa tu? Maiti haiwezi kuushikilia uta uliovutwa. “Kutia mshale utani” na “kuvuta uta” ni vitendo viwili tofauti, na msimulizi aliyechagua cha kwanza alijua alichokisema. Lugha inapopoteza tofauti hiyo, fasihi nayo hupoteza ushahidi wake.