Bwawa la Akosombo: Je, Ujamaa Ndio Ulioiponza Ghana?

Wenzangu, kwenye semina zetu za uchumi likitajwa jina la Nkrumah, jibu huwa tayari: ujamaa ulimwangusha. Mimi sikubaliani, na nitaeleza kwa mradi mmoja tu, bwawa la Akosombo.

Ghana ilipata uhuru mwaka 1957 ikitegemea zao moja, kakao. Nkrumah alitaka mto Volta uzuiwe ili upatikane umeme, umeme uendeshe kiwanda cha alumini pale Tema, na kiwanda kitumie boksiti ya Ghana yenyewe. Yaani kutoka udongo hadi sufuria, kazi yote ifanyike nyumbani. Hapo ujamaa uko wapi? Ni hesabu ambayo nchi nyingi changa ziliipiga wakati ule.

Tatizo lilikuwa pesa. Karibu nusu ya gharama za bwawa Ghana ilitoa mfukoni, zilizobaki zikakopwa Benki ya Dunia, Marekani na Uingereza. Wakopeshaji nao walitaka kwanza awepo mnunuzi wa uhakika wa umeme. Akapatikana Valco, mali ya kampuni mbili za Kimarekani, Kaiser (asilimia 90) na Reynolds (asilimia 10). Sasa jamani, kama mnunuzi ni mmoja, na bila yeye hupati mkopo, bei anapanga nani? Valco ilipewa umeme kwa bei ya chini sana, kwa mkataba wa miaka mingi, na haikulazimishwa kutumia boksiti ya Ghana. Ikaagiza alumina kutoka ng'ambo, ikaiyeyusha Tema, ikauza alumini nje. Boksiti ya Awaso ikaendelea kupakiwa melini ikiwa ghafi. Na watu wapatao 80,000 walikuwa wamehamishwa kulipisha ziwa!

Wengine watamtaja Arthur Lewis, ambaye katika ripoti yake ya 1953 alishauri kilimo cha chakula kiinuliwe kwanza, viwanda vifuate. Hoja nzito hiyo, na ningependa mtu aiandikie makala. Lakini haielezi kwa nini umeme uliokwisha kupatikana uliuzwa kwa bei ya kutupa.

Nkrumah alizindua bwawa Januari 1966, mwezi uliofuata akapinduliwa. Serikali zikaja na kuondoka, za kijeshi na za kiraia, mkataba ukabaki pale pale. Bei ilikuja kupanda kweli kweli mwaka 1985, baada ya serikali ya Rawlings kudai mazungumzo mapya.