Samatta Naye Alikwenda TP: Somo la Ngazi kwa Walimu Watarajiwa

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, msimu wa TP ukifika tutatawanyika. Wengine watapangwa Mbeya mjini, wengine Rungwe, Kilolo, Mufindi, na wengine kule ambako basi linafika mara moja kwa siku. Popote tutakapokwenda tutamkuta kijana wa Kidato cha Pili au cha Tatu ambaye nyuma ya daftari lake la Hisabati ameorodhesha vikosi vya timu. Ukimwuliza anataka kuwa nani, hapepesi macho: "Samatta, mwalimu."

Sisi tutamjibu nini? Wengi wetu tuna majibu mawili tu. La kwanza ni "acha mpira, soma." La pili ni "fuata ndoto yako." Yote mawili ni majibu ya mtu asiyeijua kazi yenyewe. Kijana akisema anataka kuwa daktari, tunamwambia achukue masomo gani, apate daraja gani, asome miaka mingapi. Akisema mpira, tunabaki kumpa mawaidha. Lakini mpira wa kulipwa nao ni kazi, na kazi ina njia yake. Basi tuifuate njia ya Mbwana Ally Samatta hatua kwa hatua, kama tunavyoandaa andalio la somo, ili tuwe na la kusema darasani.

Hatua ya kwanza: kuonekana ukiwa kazini

Samatta alizaliwa Dar es Salaam Desemba 1992. Alicheza African Lyon, kisha akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe waliwazidi Simba uwanjani, ila waliporudi kwao walikuwa wameshakumbuka jina la kijana mmoja. Mwaka huo huo wakamsajili, akiwa na miaka 18.

Hapa kuna jambo la kumwonyesha mwanafunzi. Hakuna mtu aliyemlipia Samatta nauli ya kwenda kujaribu bahati. Alionekana akiwa kazini, katika mechi ya mashindano, mbele ya watu waliokuja kwa shughuli nyingine kabisa. Anayetaka kuonekana, kwanza awe mahali ambapo mechi za kweli zinachezwa na matokeo yanaandikwa.

Hatua ya pili: Lubumbashi

Ndiyo, Samatta naye alikwenda TP. Tofauti ni kwamba yetu inaisha kwa wiki kadhaa na msimamizi kuja kutukagua, ya kwake ilichukua karibu miaka mitano. Hiyo ndiyo hatua ambayo vijana wetu huiruka wakisimulia. Kwao hadithi ni "Mbagala mpaka Uingereza", kana kwamba kulikuwa na ndege ya moja kwa moja.

Lubumbashi si mbali na sisi wa Nyanda za Juu Kusini kama tunavyodhani. Malori tunayoyaona kila siku Ipogolo, Mafinga, Makambako, Uyole na Mbalizi, yakielekea Tunduma, mengi yanavuka Zambia na kuingia Katanga kufuata shaba. Barabara inayopita mbele ya shule zetu ndiyo hiyo hiyo. Na mji wenyewe unazungumza Kiswahili, cha kwao kweli, chenye Kifaransa ndani yake, lakini Mtanzania haombi maji kwa ishara. Kijana wa miaka 18 aliondoka nyumbani bila kuondoka katika lugha yake. Kwa sisi tunaosoma saikolojia ya elimu, hilo ni jambo kubwa: mtu hujifunza vizuri akianzia anachokijua kwenda asichokijua.

Alipofika hakuwa peke yake. Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu alikuwa naye katika kikosi hicho. Mwaka 2015 Mazembe wakatwaa ubingwa wa Afrika kwa kuifunga USM Alger ya Algeria nyumbani na ugenini, na Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali. Januari 2016, mjini Abuja, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ulaya walipomchukua, walikuwa wanamchukua bingwa wa Afrika, mtu ambaye kazi yake imeshaonekana.

Hatua ya tatu: Genk

Mwezi huo huo akasaini Genk ya Ubelgiji, akiwa na miaka 23. Genk ni mji mdogo wenye historia ya machimbo ya makaa ya mawe, na klabu yake inajulikana kwa kukuza wachezaji na kuwauza. Kevin De Bruyne, Thibaut Courtois na Kalidou Koulibaly wote walipita hapo. Kwa hiyo kuchagua Genk ilikuwa sawa na kuchagua chuo chenye maabara nzuri kuliko chuo chenye jina kubwa.

Msimu wa 2018/19 Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, Samatta akafunga mabao 23 ya ligi na kupata tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi hiyo. Novemba 2019 akafunga kwa kichwa pale Anfield dhidi ya Liverpool katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Miezi miwili baadaye Aston Villa wakamchukua.

Hatua ya nne: sapu

Januari 2020 Samatta akawa Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya England. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth. Tarehe 1 Machi akafunga Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Villa walipoteza 2-1. Kisha ligi ikasimama kwa sababu ya korona. Iliporudi, mabao hayakurudi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Fenerbahçe, Uturuki.

Mnakumbuka watu walivyosema mitaani: "Samatta kaisha." Sasa tuongee kwa lugha ya kampasi. Ile ilikuwa sapu, hakudisko. Baada ya Uturuki alicheza Antwerp kwa mkopo, akarudi Genk kwa mkopo, akaenda PAOK ya Ugiriki na kuwa bingwa wa ligi msimu wa 2023/24, kisha mwaka 2025 akasajiliwa Le Havre ya Ufaransa. Mtu aliyeambiwa kaisha akiwa na miaka 27 alikuwa bado anasaini mikataba Ulaya baada ya kufika 30. Katika kazi hii kilele ni kifupi, na sehemu kubwa ya maisha ni kuhama, kuanza upya na kukubali benchi. Hilo kijana wa Kidato cha Tatu halioni kwenye bango.

Si yeye peke yake. Novatus Dismas Miroshi alitoka Azam akaenda Israel, kisha Zulte Waregem ya Ubelgiji, na msimu wa 2023/24 akacheza kwa mkopo Shakhtar Donetsk ya Ukraine. Shakhtar yenyewe haijacheza nyumbani kwake Donetsk tangu 2014 kwa sababu ya vita. Msimu ule mechi zake za "nyumbani" za Ligi ya Mabingwa zilichezwa Hamburg, Ujerumani. Fikiria Mtanzania yuko ugenini katika klabu ambayo nayo iko ugenini. Baadaye akaenda Göztepe, Uturuki. Tena ni ngazi, hatua moja baada ya nyingine.

Milango na walinzi wake

Sasa sehemu inayotuhusu zaidi. Nikiwa TP katika shule moja ya kata wilayani Rungwe, mama mmoja alinifuata ofisini. Mwanaye ana miaka 16, winga mzuri kweli. Kuna mtu alimpigia simu akijiita wakala, anataka milioni mbili za "kuandaa safari ya majaribio Ulaya". Mama alikuwa tayari kuuza ng'ombe. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma, hii ni kweli?"

Nilimjibu kwa mambo mawili. Kwanza, kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kwa mfano wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Pili, wakala halali ana leseni ya FIFA, na tangu 2023 leseni hiyo inapatikana kwa kufaulu mtihani. Anaishi kwa kamisheni ya mikataba, haishi kwa ng'ombe wa mzazi. Nikamwambia, "Mama, mwombe namba ya leseni." Aliomba. Simu haikupokelewa tena. Ng'ombe yupo. Kijana alininunia wiki mbili nzima, na ninamwelewa, kwa sababu yeye aliona nimemfungia mlango.

Ndiyo maana haitoshi kufunga mlango wa uongo. Lazima tuonyeshe ule wa kweli, na mlango wa kweli unaanza na karatasi. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Tufanye hesabu. Ada ikiwa euro milioni 2, fungu hilo ni euro 100,000. Kila mwaka wa malezi kuanzia miaka 12 hadi 15 unapata euro 5,000, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 unapata euro 10,000. Timu ya mtaani Mbalizi au Ipogolo iliyomlea kijana kutoka miaka 12 hadi 15 ingestahili euro 20,000. Lakini inazipata tu kama ilikuwa klabu inayotambulika na kijana alisajiliwa kwa jina na tarehe sahihi. Bila usajili, kwenye karatasi miaka hiyo minne haikuwapo.

Mkoa wetu si jangwa la mpira. Tukuyu Stars walitoka Rungwe wakawa mabingwa wa Tanzania mwaka 1986. Mbeya City walimaliza nafasi ya tatu katika msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Vipaji vipo na viwanja vipo, Sokoine na Samora. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuandika.

Na huyo mtu anaweza kuwa mwalimu. Hakikisha kijana ana cheti cha kuzaliwa chenye umri wa kweli, maana umri uliopunguzwa humrudia mwenyewe siku ya usajili. Mhimize asajiliwe na klabu inayotambuliwa na chama cha mpira cha wilaya. Mfundishe Kiingereza kwa bidii, kwa sababu mkataba atakaosaini hautaandikwa Kinyakyusa wala Kihehe, na asiyeusoma mkataba wake husomewa na anayenufaika nao. Na mwambie abaki shuleni mpaka amalize. Kidato cha Nne kinaisha kabla au karibu na miaka 18, na kabla ya hapo mlango wa nje haufunguki hata hivyo. Shule haimcheleweshi.

Maswali ya kujadili kwenye semina

1. Kati ya hatua nne za Samatta, ipi wanafunzi wako wataijua, na ipi itabidi uifundishe?

2. Klabu iliyo karibu na shule uliyopangiwa inasajili watoto wa umri gani? Nani anatunza kumbukumbu zake?

3. Mzazi akija ofisini na namba ya simu ya wakala, swali lako la kwanza litakuwa lipi?